Maktaba ya softikopi imevurugika: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Kitabu cha softikopi kina majina matatu. La kwanza ni jina la faili, lile unaloliona ukifungua folda. La pili limeandikwa ndani ya faili yenyewe, pamoja na mwandishi, lugha na picha ya jalada. La tatu liko kwenye orodha ya programu inayokutunzia vitabu, iwe Calibre kwenye kompyuta au ReadEra kwenye simu. Majina haya hayajuani. Ukirekebisha moja, mengine kwa kawaida yanabaki vilevile, na sehemu kubwa ya malalamiko ya wanafunzi wa Malimbe na wasomaji wa mjini Mwanza yanaanzia hapo: kitabu kipo, ila unakitafuta kwa jina ambalo pale unapotafuta halipo.

Kabla ya kugusa chochote, nakili folda nzima ya vitabu kwenye flashi au diski nyingine. EPUB (umbo la kitabu ambalo maandishi yake hujipanga kufuata kioo) ya riwaya mara nyingi haifiki MB 2, hivyo elfu moja zinaingia kwenye flashi ya GB 4. Zinazokula nafasi ni PDF zilizoskaniwa, maana moja tu yaweza kufika MB 100. Hakikisha laptopu ina chaji. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, unabaki na faili nusu zenye majina kamili, na hizo ndizo zitakazokuhangaisha mwezi ujao.

Rafu imejaa "DOC-20240311-WA0012" na "Microsoft Word - Document1"

Sababu inayoongoza ni WhatsApp. Faili zikipita huko mara nyingi hubatizwa upya: DOC, tarehe, kisha WA na namba. Hakuna ujanja wa kuzirudishia jina zote kwa mkupuo. Fungua moja moja, soma ukurasa wa jina, kisha uiandike upya kwa mpangilio mmoja usiobadilika: Kichwa - Mwandishi, kistari kikiwa na nafasi pande zote mbili. Mpangilio huo una faida, kwa sababu ndio Calibre inaoutegemea inapoambiwa isome jina la faili. Epuka alama : ? * " < > | katika jina, kwani flashi na kadi zenye mfumo wa FAT32 huzikataa, na faili inagoma kunakiliwa bila wewe kuelewa kwa nini.

Sababu ya pili ni PDF iliyotolewa kwenye Word. Inabeba ndani jina la waraka wa kwanza, na ndiyo maana unabadilisha jina la faili kwenye simu lakini programu inaendelea kuonyesha lile la zamani. Programu hiyo inasoma jina la pili. Ingiza PDF hiyo kwenye Calibre, ichague, bonyeza herufi E, sahihisha kichwa na mwandishi. Hapa wengi wanakomea wakidhani wamemaliza, kumbe jina la pili, lile la ndani ya faili, halijaguswa. Kwa EPUB na AZW3 (umbo la vitabu vya Kindle), chagua vitabu, fungua "Polish books" na uweke alama ya vema kwenye kusasisha metadata (taarifa za kitabu kama kichwa na mwandishi) ndani ya faili. Kwa PDF, tumia "Save to disk": nakala inayotoka inabeba taarifa mpya, na hiyo ndiyo ya kupeleka kwenye simu.

Zikiwa PDF nyingi zilizoskaniwa, ndani yake huwa hamna taarifa au mna takataka za mashine ya kuskania. Kabla ya kuziingiza, nenda kwenye mipangilio ya "Adding books", uondoe vema kwenye kusoma metadata kutoka ndani ya faili. Calibre itafuata jina la faili. Ukimaliza kundi hilo, rudisha ile vema, la sivyo EPUB zako safi nazo zitapoteza taarifa zao zinapoingia.

Ipo pia dalili isiyotokea sana ila inachukiza: "ngâ€™ombe" badala ya "ng'ombe". Alama ya juu ya ng' iliandikwa kwa mfumo wa UTF-8 ikasomwa kwa mfumo wa zamani wa Windows. Kwenye majina, chagua vitabu vyote, fungua uhariri wa pamoja, nenda kwenye kutafuta na kubadilisha, weka â€™ upande wa kutafuta na ' upande wa kubadilisha. Ikiwa uchafu uko ndani ya matini na chanzo chake ni faili ya TXT, igeuze upya kuwa EPUB ukiandika utf-8 kwenye nafasi ya "Input character encoding".

Mwandishi mmoja anahesabiwa kama watu wanne

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, anaweza kuwamo kwenye orodha yako kama "Euphrase Kezilahabi", "E. Kezilahabi", "E.Kezilahabi" bila nafasi, na "KEZILAHABI E". Kwa programu hao ni watu wanne. Kwenye paneli ya kushoto ya Calibre fungua orodha ya waandishi, bofya kulia jina lenye kasoro, chagua kubadilisha jina, uandike lile sahihi herufi kwa herufi. Vitabu vitahamia chini ya jina moja. Anza na waandishi wenye vitabu vingi. Wale wenye kimoja kimoja wanaweza kungoja.

Waandishi wakiwa wawili, watenganishe kwa alama ya &. Ukiwaunganisha kwa neno "na", Calibre inamsajili mtu mmoja mwenye jina refu. Vyeo navyo viondoe: Calibre inazitambua Dr na Prof inapopanga majina, lakini haizijui Dkt wala Mwl, hivyo zinaganda kwenye jina.

Halafu kuna suala la mpangilio wa alfabeti, na hapa programu inafuata desturi ya Kizungu ya kupanga kwa jina la mwisho. Kezilahabi haathiriki sana. Shaaban Robert anapelekwa kwenye R, na anayemtafuta kwenye S anaapa kwamba vitabu vimefutika. Kwa mwandishi mmoja au wawili, bofya kulia, fungua "Manage authors", na kwenye safu ya kupangia andika jina kama linavyotamkwa. Ukitaka wote wabadilike, nenda kwenye mipangilio ya "Tweaks", tafuta author_sort_copy_method, badilisha 'comma' iwe 'copy', zima Calibre na uiwashe, kisha kwenye "Manage authors" iamuru ikokotoe upya thamani zote za kupangia.

Ipi bora? Kama rafu yako ni ya riwaya, tamthiliya na mashairi ya Kiswahili, weka 'copy'. Kama nusu yake ni vitabu vya kozi, acha 'comma' na usahihishe wachache kwa mkono, kwa kuwa chuoni utatakiwa kuorodhesha marejeo kwa jina la ukoo, na utachoka kugeuzageuza.

Kitabu kimoja, nakala tano

Kwanza angalia kama kweli ni nakala. Calibre ikiingiza kitabu huwa inakinakili kwenye folda yake, na ile faili ya awali inabaki ilipokuwa, kwa kawaida kwenye "Downloads". Nafasi inaliwa mara mbili, lakini rafu haina kosa. Fungua vitabu vitano au sita kutoka ndani ya Calibre, ukiona vinafunguka na nakala ya akiba unayo, futa zile za awali.

Ikiwa ndani ya Calibre kwenyewe kuna mistari miwili, mmoja wa PDF na mwingine wa EPUB, hicho ni kitabu kimoja chenye maumbo mawili. Vichague, anza na chenye taarifa nzuri zaidi, kisha tumia amri ya kuunganisha. Kwa rafu kubwa, ongeza programu jalizi iitwayo Find Duplicates, inayotafuta vichwa vinavyofanana hata tahajia ikitofautiana kidogo.

Usifute kwa kuangalia ukubwa peke yake. PDF kubwa inaweza kuwa picha za simu zilizopigwa kwa kivuli, na ndogo ikawa matini safi yanayotafutika. Nenda ukurasa wa mwisho wa kila moja kwanza, maana mkia ndio hukatika bando likiisha katikati ya kupakua. Jaribu pia kutafuta neno lolote ndani. Lisipopatikana wakati unaliona kwa macho, hiyo ni picha.

Linganisha ISBN kabla hujaamua kwamba matoleo mawili ni sawa. Vitabu vilivyochapwa Tanzania mara nyingi huwa na 9976 au 9987 mwanzoni, vikitanguliwa na 978 kwa vilivyotoka tangu 2007, namba zilipoongezwa kutoka tarakimu 10 hadi 13. Na ukiiamuru Calibre ivute taarifa mtandaoni, kagua kila jibu kabla ya kulikubali. Vitabu vya Kiswahili havimo kwa wingi kwenye vyanzo hivyo, na programu isipokuta chako huweza kuleta kingine chenye kichwa kinachokaribiana, jalada likiwemo. Kuchapa taarifa nne kwa mkono ni haraka kuliko kusafisha vitabu mia vilivyovishwa majalada ya wengine.

Kitabu kimo kwenye simu, programu ya kusomea haikioni

Ruhusa. Tangu Android 11, programu haiwezi kupekua folda zote bila wewe kuikubalia. Fungua mipangilio ya simu, ingia kwenye programu husika, kisha ruhusa, uiruhusu kufikia faili. Rudi uiamuru itafute upya.

Isipofaulu, tatizo ni mahali. Nyaraka za WhatsApp zimejificha mbali: Android, halafu media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Documents. Usiache vitabu vikae humo, kwa sababu siku utakaposafisha WhatsApp kupata nafasi vitaondoka pamoja na video za harusi. Tengeneza folda moja iitwayo Vitabu na uhamishie vyote.

Angalia pia herufi za mwisho baada ya nukta. Faili isiyo na .pdf au .epub hairuki macho ya binadamu, lakini programu inaipita. EPUB ni zipu kwa ndani, na simu nyingine huipakua kwa jina la .zip. Usiifumue. Badilisha tu mwisho wake uwe .epub.

Wenye Kindle: ukitumia waya, EPUB haitaonekana, hivyo igeuze kuwa AZW3 kwenye Calibre. Ukitumia huduma ya Send to Kindle, EPUB inakubalika, wakati MOBI ya zamani haipokelewi tena.

Faili inagoma kufunguka kabisa

Tazama ukubwa kwanza. KB 0 maana yake hakuna kitu. KB tano au kumi kwa kitabu cha kurasa 300 maana yake ulipakua ukurasa wa tovuti unaosema kuna hitilafu, ukahifadhiwa kwa jina la kitabu. Ili uwe na hakika, ifungue kwa Notepad na usome mwanzo wake: PDF halisi inaanza na %PDF, EPUB inaanza na PK, na ukurasa wa tovuti unaanza na alama ya < ikifuatiwa na html au doctype. Ikianza na PK huku jina linasema .pdf, badilisha mwisho uwe .epub ujaribu tena.

Ikiwa ukubwa na mwanzo viko sawa, huenda programu yako haisomi umbo hilo, hasa DJVU na CHM. ReadEra husoma yote mawili. EPUB iliyochakaa ndani mara nyingi hupona ukiigeuza kwenye Calibre kutoka EPUB kwenda EPUB, kwa sababu inajengwa upya. PDF iliyokatika haina dawa, ipakue upya.

Calibre ikikuambia kitabu kimefungwa kwa DRM, acha hapo. Ulikinunua kikiwa na kufuli la muuzaji na kinasomeka ndani ya programu yake tu. Hakijaharibika.

Flashi imetoka steshenari, folda zote zimekuwa shotikati

Hiki ni kirusi cha zamani kisichokufa, na makao yake ni kompyuta za kuchapishia. Vitabu vimefichwa na mahali pake zimewekwa njia za mkato. Usibofye hata moja, kwa kuwa kuibofya ndiko kunakoamsha kirusi kwenye kompyuta yako.

1. Chomeka flashi, iskani kwa programu ya kuzuia virusi.
2. Fungua Command Prompt. Kama flashi ni herufi E, andika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
3. Subiri mpaka mstari urudi. Folda halisi zitatokea. Wakati mwingine vitabu vyote huwa vimesogezwa kwenye folda isiyo na jina.
4. Nakili .pdf na .epub tu. Acha chochote cha .lnk, .vbs na .exe.
5. Ukishahakikisha vitabu vinafunguka kwenye kompyuta, fomati flashi.

Na ukienda kuchapisha, beba flashi yenye faili hiyo moja. Maktaba nzima haina kazi steshenari.

Calibre imefunguka tupu, au inasema faili haipo

Futa maneno kwenye kisanduku cha kutafutia. Kweli, anza na hilo. Kisha angalia kama hukuacha maktaba pepe imechaguliwa, kwani nayo huficha vitabu vingine vyote.

Ikiwa maktaba iko kwenye diski ya nje, herufi yake huenda imebadilika kutoka E kuwa F. Calibre inauliza maktaba iko wapi, mtu kwa haraka anakubali folda mpya, na anaona rafu yenye mwongozo mmoja wa kuanzia. Bofya alama ya maktaba, chagua "Switch/create library", uonyeshe folda ile yenye faili ya metadata.db.

Vichwa vikionekana lakini vitabu havifunguki, kuna aliyeingia kwenye folda ya Calibre kupitia Windows akabadilisha majina "ili zipendeze". Humo ndani hakuguswi kwa mkono. Kila kitabu kina folda yake, ndani mna faili, jalada na metadata.opf, na orodha kuu inakumbuka mahali pa kila kimoja ndani ya maktaba. Tumia "Library maintenance", halafu "Check library", ikuonyeshe kilichopotea na kilichozidi. Orodha kuu yenyewe ikiharibika, kwenye menyu hiyohiyo kuna "Restore database", inayoijenga upya kutokana na zile metadata.opf. Inachukua muda kwa rafu kubwa, iache ifanye kazi.

Kinachoharibu orodha mara nyingi ni maktaba kuwekwa ndani ya folda inayolandanishwa na Google Drive au nyingine kama hiyo, ikafunguliwa kwenye kompyuta mbili. Iweke mahali pafupi kama D:\Vitabu, kwa sababu Windows inasumbuka njia ya faili ikikaribia herufi 260, na upeleke mtandaoni nakala ya akiba tu, Calibre ikiwa imefungwa.

Mambo madogo

Juzuu zinajipanga 1, 10, 11, 2: kwenye jina la faili andika 01, 02. Ndani ya Calibre tumia nafasi ya mfululizo, inayoelewa namba zenyewe. Simu ikisoma Kiswahili kwa lafudhi ya London, lugha ndani ya kitabu imeandikwa Kiingereza. Weka Kiswahili, ingiza ndani ya faili kwa "Polish books", na hakikisha simu imepakua sauti ya Kiswahili.

Hapa simama, mtafute fundi

Diski ya nje ikilia tik-tik, ikionekana na kupotea, au faili moja ikichukua dakika nzima kufunguka, ichomoe. Usiiendeshee chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, maana kuilazimisha diski mbovu isome kila sehemu kunaweza kuwa pumzi yake ya mwisho. Usiruhusu mtu aifungue mezani kwenye vumbi. Tafuta fundi anayerejesha data, na kabla hujamwachia muulize mambo mawili: je, atatengeneza nakala kamili ya diski kabla ya kuifanyia kazi, na je, atarejeshea faili kwenye diski tofauti. Akijibu kwamba ataanza kwa kufomati, chukua diski yako uondoke.

Kadi ikikuomba uifomati, kataa. Usiandike kitu juu yake. Kama bado kompyuta inaitambua na ukubwa wake unasomeka sawa, unaweza kujaribu mwenyewe PhotoRec, ambayo ni ya bure, ukihifadhi matokeo kwenye kompyuta. Itarudisha vitabu bila majina yake, na utarudi kwenye kazi ya kusoma kurasa za kwanza. Kompyuta isipoitambua kabisa, hiyo ni kazi ya fundi. Lakini kwanza kumbuka: kadi iliyowekwa kama kumbukumbu ya ndani ya simu imefungwa kwa simu hiyo peke yake. Ukiihamisha kwingine itaomba fomati hata kama ni nzima. Irudishe kwenye simu yake.

Kadi ya bei ya kutupa inayojiita GB 512, ambamo vitabu vya mwanzo vinafunguka na vya baadaye ni vitupu, mara nyingi ni ya bandia. Ipime kwa H2testw baada ya kutoa kilichopo. Ikishindwa hakuna fundi atakayeitibu.

Simu iliyotumbukia ziwani: izime, usiichaji, toa kadi, ifute na uiache ikauke kivulini siku nzima au mbili kabla ya kuisoma kwenye kompyuta. Kadi mara nyingi hupona. Kama vitabu vilikuwa kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe, usijaribu kuiwasha "kuona tu". Ipeleke ikiwa imezimwa, umweleze fundi kwamba unachotaka ni faili, simu baadaye. Nakala ya akiba isiyolala nyumba moja na laptopu yako, hata kama ni flashi iliyo kwa ndugu anayeishi Nansio, Ukerewe, inakuondolea safari hiyo.